Nani Aliwahesabu? Mzee wa Kilwa, JSTOR na Mimi

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Wiki tatu nzima sijaandika kitu hapa. Sikuwa naumwa, sikuwa safarini, wala sijafukuzwa kazi (ingawa kuna siku moja nilidhani ndiko ninakoelekea). Nilikuwa najifunza kutafuta. Najua utacheka. Mtu ana shahada, ana kazi gazetini, halafu anakuambia anajifunza kutafuta? Subiri nikupe kisa chenyewe.

Kila mwaka tarehe 27 Februari pale Songea hufanyika kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji, walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Basi mhariri wangu akanipa kazi: nusu ukurasa, historia ya vita kwa ufupi, iwe mezani kabla ya saa kumi na moja jioni. Nikaandika. Nikataja pamba, nikataja Kinjeketile, nikataja dawa ya maji. Kisha nikaweka sentensi ambayo kila mtu huiweka: watu 75,000 walikufa. Niliitoa wapi? Kwenye makala ya zamani ya gazeti. Nayo iliitoa wapi? Hata sikujiuliza.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ya mezani ya chumba cha habari ikalia. Mzee mmoja, anatokea Kilwa, anamtaka "yule kijana aliyeandika habari ya Maji Maji."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesoma habari yako. Umeandika vizuri. Nina swali moja tu. Hao watu elfu sabini na tano, nani aliwahesabu?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hizo ni takwimu za kihistoria.

"Hilo nimeelewa. Mimi nakuuliza nani. Babu yangu alikuwa mtoto mdogo kule Umatumbi. Ndugu zake walikufa njaa porini baada ya vita, wakazikwa hukohuko, wengine hawakuzikwa. Nani alikwenda kule porini akawahesabu?"

Nilikaa kimya. Unajua ule ukimya wa mwanafunzi aliyeulizwa swali la mtihani kutoka sura aliyoiruka? Mwishowe nikasema, mzee, nipe muda, nitakupigia. Akasema, "Nitasubiri," akakata simu.

Nikaingia intaneti. Idadi ileile ipo kila mahali. Tovuti kumi, namba moja, na karibu zote hazisemi imetoka wapi. Zimeambukizana kama mafua ndani ya daladala. Kaka mmoja wa dawati la makala, ambaye ameanza kazi hii mimi nikiwa bado navaa kaptura za shule, akaniangalia akasema: "Wewe si umetoka chuo kikuu juzi? Kwa nini huendi JSTOR?"

Hapo ndipo aibu ilipoanza. JSTOR naijua, nilikuwa naitumia chuoni. Au tuseme niliifungua. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, naandika maneno mawili, nachukua makala tatu za kwanza, nanakili majina yake kwenye orodha ya marejeo na kulala. Makala zenyewe sikuzisoma. Naungama hapa hadharani kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Nilihitimu bila kujua kutafuta.

Kabla sijakueleza nilivyojifunza, ngoja nieleze kidogo hiki kitu kimetoka wapi. Nimegundua kwamba ukijua historia ya chombo unakitumia vizuri zaidi.

Tuanze na tatizo la rafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mchumi wa Marekani anaitwa William Bowen. Aliwahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Princeton kuanzia 1972 hadi 1988, kisha akaongoza mfuko wa Mellon. Pia alikuwa mdhamini wa chuo kidogo huko Ohio kinachoitwa Denison. Kwenye vikao vya chuo hicho kilio kilikuwa hiki: maktaba imejaa. Majarida ya kitaaluma yanakuja kila mwezi, ya miaka mia iliyopita yapo, hakuna anayethubutu kuyatupa, na kujenga jengo jipya ni mamilioni ya dola. Tena kila chuo nchini kilikuwa kinatunza nakala zilezile.

Bowen akajiuliza: kwa nini tusipige picha kila ukurasa mara moja tu, tukaweka mahali pamoja, vyuo vyote vikasoma kutoka hapo? Mradi ulianza kwa majaribio Chuo Kikuu cha Michigan, ukiwa na majarida 10 ya uchumi na historia. Mwaka 1995 ukawa shirika linalojitegemea, lisilo la faida. Wakaliita JSTOR, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ghala la majarida. Kwa hiyo ndugu msomaji, kitu hiki hakikuanzishwa ili mimi na wewe tupate elimu. Kilianzishwa kwa sababu rafu zilijaa. Neema nyingi duniani zimeanza hivyo, mtu akitafuta mahali pa kuweka mizigo yake.

Namna kinavyofanya kazi ni jambo la kulielewa. Ukifungua makala ya mwaka 1967 unachokiona ni picha ya ukurasa wenyewe, na herufi zake za kizamani. Lakini nyuma ya picha hiyo kuna maandishi ambayo kompyuta imeyasoma kutoka kwenye picha. Ukitafuta neno, kompyuta inatafuta kwenye yale maandishi ya nyuma. Kama iliisoma vibaya herufi moja, neno lako halitaonekana hata kama wewe unaliona kwa macho yako. Nilipolijua hili niliacha kuamini kwamba "hakuna matokeo" maana yake ni "hakuna kitu."

Kutafuta kwa kompyuta kwenyewe ni kukongwe kuliko JSTOR. Madaktari ndio walitangulia. Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianza kuchapisha orodha ya makala za tiba iliyoitwa Index Medicus. Ilikua ikawa mzigo usiobebeka, hadi mwaka 1964 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaanza kuipanga kwa kompyuta. Mwaka 1972 kampuni ya Lockheed, ileile ya kutengeneza ndege, ilianza kuuza huduma ya kutafuta iitwayo DIALOG, kazi ya bwana mmoja anaitwa Roger Summit. Wakati huo mtu wa kawaida hakugusa mtambo. Ulikwenda kwa mkutubi, ukamweleza unachotaka, yeye akakaa mbele ya mashine na kuandika amri, huku saa inahesabu fedha. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote alifikiri sana. Sisi leo tunabonyeza bure, na pengine ndiyo sababu hatufikiri.

Haya, turudi kwangu. Ugumu wa kwanza ulikuwa mlango. Nilipokuwa chuoni nilikuwa naingia moja kwa moja, kwa sababu chuo kilikuwa na ruhusa. Mwaka 2006 JSTOR ilianza kufuta ada kwa taasisi za elimu zisizo za faida katika nchi nyingi za Afrika, na hata kabla ya hapo kulikuwa na milango mingine. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI kwa ajili ya majarida ya tiba, na mwaka uliofuata FAO ikaja na AGORA kwa kilimo. Lakini ruhusa hiyo ni ya taasisi, si yako. Siku unapovaa joho na kupigwa picha na mama, ndiyo siku ruhusa yako inaanza kufa. Mimi nilijaribu neno langu la siri la zamani, likakataa. Shahada ninayo ukutani, makala sina.

Nikafungua akaunti ya kawaida kwa barua pepe yangu. Hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2020 wakati wa korona JSTOR iliongeza idadi ya makala ambazo mtu binafsi anaweza kusoma bure kutoka 6 hadi 100 kwa mwezi. Huzipakui, unazisoma hapohapo kwenye skrini, na si zote zimo. Lakini makala mia moja kwa mwezi! Nani kati yetu anasoma hata kumi?

Ugumu wa pili ulikuwa mimi mwenyewe. Niliandika kwenye kisanduku swali zima kwa Kiingereza: watu wangapi walikufa katika vita vya Maji Maji. Nikapata rundo la makala, za vita vya kila bara, za visima, za magonjwa. Nikasoma vichwa vya habari hadi macho yakauma. Nikafunga kompyuta nikaenda kula chipsi.

Aliyenitoa kizani ni dada mmoja mkutubi, rafiki wa familia. Nilimpigia kumlilia, akacheka sana. Akaniambia maneno ambayo nimeyabandika juu ya meza yangu: "Hifadhidata siyo mganga. Usiielezee shida yako. Ipe maneno ambayo mwandishi wa makala atakuwa ameyaandika."

Fikiria hapo. Mwanahistoria aliyeandika mwaka 1967 hakuandika "watu wangapi walikufa." Ameandika "rebellion," ameandika "famine," ameandika majina ya mahali. Tena jina la vita hivi lina sura nyingi. Wapo wanaoandika Maji Maji, maneno mawili. Wapo wanaoandika Majimaji, neno moja. Wapo wanaotia kistari katikati, kama R. M. Bell alivyofanya mwaka 1950 katika makala yake kuhusu Liwale kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Wajerumani wao wanaita "Aufstand," na nchi yetu wanaiita Deutsch-Ostafrika. Ukitafuta Tanzania unaweza kukosa kila kitu, kwa sababu Tanzania haikuwepo mwaka 1905. Kosa hilo nililifanya siku mbili nzima.

Dada akanifundisha maneno matatu ya Kiingereza: AND, OR, NOT, yote kwa herufi kubwa. AND inabana, maana yake vyote viwili viwemo. OR inapanua, maana yake chochote kati ya hivi. NOT inafukuza. Na alama za nukuu zinafunga maneno yasitengane. Nikaandika hivi: ("Maji Maji" OR Majimaji) AND (famine OR casualties). Lile rundo likayeyuka, ikabaki orodha ambayo mtu anaweza kuimaliza.

Nikataka kujua nani katunga ujanja huu. Ni George Boole, mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka 1815. Hisabati alijifunza kwa kiasi kikubwa mwenyewe, hadi akawa profesa huko Cork, Ireland, bila shahada. Mwaka 1854 alichapisha kitabu cha kuonyesha kwamba fikra za binadamu zinaweza kuandikwa kama hesabu. Alikufa mwaka 1864, kompyuta hakuiota. Leo mwandishi wa habari Dar es Salaam anayetafuta waliokufa Umatumbi anatumia hesabu zake.

Sasa nilipata nini?

Kwanza nikampata John Iliffe. Mwaka 1967, akiwa anafundisha Dar es Salaam, aliandika katika The Journal of African History, jarida lililoanzishwa mwaka 1960, makala kuhusu namna vita vile vilivyopangwa. Anasema vilianza kama hasira ya wakulima, hasa juu ya mashamba ya pamba ya lazima yaliyoanza mwaka 1902. Kisha vikapata imani ya kuwaunganisha watu, ile dawa ya maji kutoka Ngarambe kwa Kinjeketile. Vilipofika mbali na Rufiji, watu wakapigana chini ya viongozi wao wa kikabila. Nilikuwa nimeandika mambo haya kwenye nusu ukurasa wangu bila kujua kwamba nilikuwa narudia hoja ya mtu, tena hoja ambayo wengine waliipinga baadaye.

Niliwajuaje waliopinga? Huu ni ujanja mwingine. Tanbihi za makala zinakurudisha nyuma, kwa walioandika kabla. Ukitaka kwenda mbele, utafute nani baadaye aliitaja makala hiyo. Wazo hili walikuwa nalo mawakili wa Marekani tangu karne ya 19, kwa ajili ya kufuatilia kesi. Mwaka 1964 Eugene Garfield akalileta kwenye sayansi kwa faharasa yake kubwa ya marejeo. Leo Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, inakufanyia bure: chini ya kila makala kuna kiungo cha waliyoitaja. Nikabonyeza chini ya Iliffe.

Akatokea Thaddeus Sunseri, 1997, anayeandika juu ya Uzaramo. Kwake vita havianzi kwa dawa. Vinaanza na nguruwe pori wanaoharibu mashamba, wanaume hawapo kijijini, na wanawake wanahangaika kulinda chakula. Akatokea Jamie Monson, 1998, anayeandika juu ya nyanda za juu kusini. Yeye anasema huwezi kuelewa nani alipigana na nani alikaa upande wa Wajerumani bila kurudi hadi miaka ya 1870, kwenye urafiki na uadui wa zamani. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba wote tuliungana. Nilisoma makala ile hadi saa nane usiku, na sitaki kukuficha, iliniuma kidogo.

Kuhusu namba, jibu lilikuja vipande vipande. Elfu 75 ni makadirio rasmi ya Wajerumani wenyewe. Mtanzania G. C. K. Gwassa, aliyefanya utafiti kule kusini na kuandika tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, alikadiria kati ya watu 250,000 na 300,000. Tazama umbali uliopo hapo! Katikati ya namba hizo mbili kuna mji mzima wa watu. Na wengi wao hawakufa kwa risasi. Wajerumani walichoma vijiji, walichoma mashamba, walichukua chakula, na njaa ikamaliza kazi.

Halafu nikakutana na namba nyingine, ndogo, ambayo ndiyo iliyonifanya nisimame kutoka kwenye kiti. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389.

Soma tena. Kumi na tano. Mia tatu themanini na tisa. Si "karibu mia nne." Hawa walihesabiwa mmojammoja, kwa sababu walikuwa kwenye daftari la mishahara, na mtu akifa lazima jina lifutwe. Wetu ni elfu sabini na tano, namba iliyonyooka kama rula. Namba ikinyooka hivyo ujue hakuna aliyehesabu, kuna aliyekadiria. Na aliyekadiria ndiye aliyechoma maghala.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la mzee. Lakini bado sikuwa na amani, kwa sababu kwenye tanbihi za makala hizi za miaka ya 1990 kuna herufi nne zilikuwa zinarudi tena na tena: MMRP, zikifuatiwa na namba zenye mikwaju. Nikadhani ni nyaraka za Ujerumani. Kumbe ni zetu. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake vijijini wakati wa likizo wakawasikilize wazee waliokumbuka vita. Miaka 60 na kidogo ilikuwa imepita, mashahidi walikuwa bado hai. Wanafunzi wakaandika. Yakakusanywa yakawa mjalada mmoja, na hiyo MMRP ni kifupi cha jina la mradi huo.

Kwa hiyo safari yenyewe ni hii. Mzee wa Umatumbi anasimulia mwaka 1968. Mwanafunzi anaandika. Profesa anayatumia maandishi hayo katika makala kwa Kiingereza. Makala inachapwa Uingereza, inapigwa picha, inaingia kwenye kompyuta Marekani. Na mimi, kwa bando la simu, naisoma nikiwa Ubungo, ili nimjibu mjukuu wa mzee mwingine wa Umatumbi. Maneno yamezunguka dunia nzima kurudi kilomita chache kutoka yalipotoka!

Mjalada ule haumo JSTOR. Nilipanda daladala hadi Mlimani, kwenye maktaba, nikausoma kwa karatasi, unukao vumbi. Hifadhidata ilinisaidia kwa kunionyesha njia ya kwenda mahali ambapo yenyewe haifiki. Nadhani huo ndio msaada mkubwa kuliko yote iliyonipa. Ukiishia kwenye skrini unaweza kudhani historia yetu yote imo humo, na kisichomo hakikutokea.

Kuna kijana mmoja lazima nimtaje kabla sijamaliza. Aaron Swartz, Mmarekani, mtaalamu wa kompyuta. Kati ya mwisho wa 2010 na Januari 2011 alipakua mamilioni ya makala za JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Alikamatwa. JSTOR wenyewe walimalizana naye, wakasema hawataki kesi. Lakini serikali ya Marekani iliendelea kumshtaki, na mashtaka yakaongezwa mwaka 2012. Tarehe 11 Januari 2013 alijitoa uhai, ana miaka 26. Sisemi alifanya sawa, sisemi alikosea. Nasema tu kwamba ana umri kama wangu, na swali alilotuachia halijafa: elimu iliyolipiwa na umma, iliyotoka vinywani mwa watu, ikishawekwa nyuma ya mlango, ufunguo uwe wa nani? Mimi ningeongeza, na mzee asiyesoma Kiingereza anaingilia mlango upi?

Nilimpigia mzee Jumapili jioni. Nikamweleza yote. Kwamba elfu 75 ni hesabu ya Wajerumani. Kwamba Gwassa anasema hadi laki tatu. Kwamba hakuna aliyekwenda porini kuhesabu, lakini mwaka 1968 kuna vijana walikwenda kusikiliza. Nikamsomea kuhusu wale 15 na wale 389.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo wao wanajua idadi yao."

"Ndiyo mzee."

"Sisi tunajua majina." Akaanza kunitajia. Ndugu za babu yake, wanne, na mahali walipofia. Nikamwomba asubiri, nikachukua kalamu. Nimeyaandika yote, kwa tarehe na saa, na jina la aliyenisimulia, kama wale wanafunzi walivyofanya. Siyaweki hapa kwa sababu ni ya ukoo wake, hakunipa ruhusa ya kuyatangaza. Lakini yapo kwenye daftari, hayategemei tena kichwa cha mtu mmoja.

Mhariri nilimpelekea masahihisho ya mistari sita: namba hiyo ni ya Wajerumani, wapo watafiti wanaokadiria mara tatu au nne yake. Alinung'unika kwamba hakuna anayesoma masahihisho, lakini aliyatoa, ukurasa wa ndani, chini kabisa. Mzee aliyaona. Alinipigia.

Kwa hiyo wadau, kazi ya nyumbani. Fungueni akaunti, ni bure. Chagueni jambo moja mnaloamini mnalijua, la kijiji chenu, la shule yenu, la reli iliyopita kwenu. Liandikeni kwa majina yake yote ya zamani, mtumie AND na OR, msome tanbihi kuliko mnavyosoma vichwa vya habari. Mkikuta namba iliyonyooka, ulizeni nani aliwahesabu. Halafu funga kompyuta, nenda kamwamkie babu au bibi, beba daftari. Mwenye kisa chake aniandikie, nami nitasoma vyote.

Alamsiki.